Janga lijalo likiingia Mombasa, nani atatupima? Maswali na majibu

Kila ugonjwa mpya ukitajwa redioni, maswali ya kupimwa huanza upya barazani. Haya ndiyo yanayoulizwa zaidi.

Serikali itajiandaa vipi kupima ugonjwa ambao bado haujulikani?

Kutunga kipimo siku hizi si kazi ya miezi. Wanasayansi wa China walitangaza mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha korona Januari 11, 2020. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshachapisha maelekezo ya kipimo yaliyoandikwa na maabara moja ya Berlin. Lakini mwisho wa mwezi huo Kenya ilipomshuku msafiri mmoja aliyeshuka Nairobi, sampuli yake ilipelekwa Afrika Kusini. Wataalamu tulikuwa nao. Vifaa vya ugonjwa ule ndivyo havikuwa vimefika.

Na wala si sisi tu. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ilisambaza vifaa vyenye kasoro Februari 2020 na kupoteza wiki kadhaa. Kwa hiyo kujiandaa maana yake ni kuwa na maabara, watu, vitendanishi (kemikali za kupimia) na usafiri ambavyo tayari vinafanya kazi, ili kipimo kipya kikitoka kiingizwe humo bila kuanza kujenga.

Sampuli za Mombasa zilikuwa zikipimwa wapi wakati wa korona?

Nyingi zilipanda barabara hadi Kilifi, kwenye maabara ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, wakfu wa Uingereza unaofadhili utafiti, iliyopima kwa ajili ya kaunti zote sita za Pwani. Maabara ile haikuzuliwa kwa ajili ya korona. Kwa miaka mingi ilikuwa ikichunguza virusi vya mfumo wa kupumua vinavyowasumbua watoto, hivyo mashine zilikuwepo na waliozijua walikuwepo. Kwa maoni yangu hili ndilo funzo kubwa kuliko yote: anayepima kila siku ndiye atakayeweza kupima siku ya dhiki. Kituo kilichofungwa kikisubiri janga hakitafunguka vizuri.

Basi kaunti ikinunua mashine zaidi, si tumemaliza?

Bado. Mashine isiyo na vitendanishi ni fanicha. Hospitali nyingi zina mashine za GeneXpert za kupimia kifua kikuu, na zilitumika kupima korona pia, ila katriji zake, yaani vikasha vinavyowekwa sampuli na kuingizwa mashineni, ziligombaniwa dunia nzima na nchi zenye fedha zikatangulia. Tena katriji na muda wa mashine vikihamishiwa ugonjwa mpya, mgonjwa wa kifua kikuu anabaki akisubiri, naye anaambukiza vilevile.

Kuna na mambo madogo ambayo hayakatiwi utepe: sanduku la barafu la kubebea sampuli, petroli ya pikipiki, stima isiyokatika, fundi wa kuitengeneza mashine ikigoma, na karani wa kuhakikisha jina la mgonjwa na jibu lake havipishani. Jibu linalofika baada ya wiki mbili halimsaidii mtu. Ameshaambukiza aliotaka kuwaambukiza na ameshapona. Ukitaka kujua kama hospitali imejiandaa, usiulize ina mashine ngapi. Uliza sampuli iliyochukuliwa Jumatatu asubuhi, jibu lake lilitoka lini.

Kipimo cha PCR na kile cha haraka vina tofauti gani?

PCR huzidisha vinasaba vya kirusi hadi vionekane, kwa hiyo hukamata hata kiasi kidogo, lakini huhitaji maabara na saa kadhaa. Cha haraka hutafuta protini za kirusi na hujibu kwa dakika 15 hadi 30 pale pale ulipo. Hukosea zaidi, hasa mtu akiwa na virusi vichache. Ukipimwa mapema mno baada ya kukutana na mgonjwa, hata PCR inaweza kusema huna.

Kwa nini bandari inatajwa sana?

Kwa sababu mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini hupitia Kilindini, na dereva wa lori hulala miji mingi kabla hajafika. Mwaka 2020 madereva walidaiwa vyeti vya kupimwa, majibu yakachelewa, na foleni ya Malaba, mpakani na Uganda, ikawa ya kilomita na kilomita. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox, ugonjwa wa homa na upele unaosababishwa na kirusi, nchini aligunduliwa kwenye mpaka wa Taveta, naye alikuwa msafiri. Mpakani na bandarini ndipo pa kwanza kuwekwa watu wanaojua kuchukua sampuli.

Kuna ugonjwa wowote wa kufanyia mazoezi sasa hivi?

Tunao tele. Mombasa imepata milipuko ya dengi mara kadhaa, na mwishoni mwa 2017 hadi mwanzo wa 2018 chikungunya iliwalaza watu kwa maumivu ya viungo. Homa hizi mbili, zinazoenezwa na mbu, huanza kama malaria. Mtu akipimwa malaria, akaambiwa hana, kisha akapewa dawa za malaria hivyo hivyo, hapo mlipuko umepita mlangoni bila kubisha hodi. Zahanati inayotuma sampuli ya homa isiyoeleweka badala ya kubahatisha ndiyo itakayougundua ugonjwa mpya.

Nikipatikana na ugonjwa, nitafungiwa karantini na kudaiwa pesa?

Swali hili ndilo lililowafanya watu kukimbia vipimo. Mwanzoni mwa korona waliowekwa karantini walitakiwa kujilipia. Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa usiingike wala usitokeke, wapimaji walikuta wakazi wengi hawataki kujitokeza, na mimi siwalaumu. Mama mwenye watoto, anayeuza mahamri ili wale, ukimwambia aje apimwe anapiga hesabu ya siku 14 bila mapato. Mwezi huo huo serikali ilisema itagharamia waliomo katika vituo vya umma, lakini hofu ilikuwa imeshatangulia.

Kwa hiyo mpango wa kupima usiosema nani atalisha familia ya aliyepatikana ni nusu mpango. Hilo linafaa kuandikwa na kutangazwa kabla ya mlipuko, msikitini, kanisani na kupitia wahudumu wa afya ya jamii wanaojulikana mtaani, si kupitia askari.

Jukumu ni la nani, serikali kuu au kaunti?

La wote wawili. Chini ya Katiba ya 2010, hospitali na zahanati za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti. Sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Vitendanishi huweza kupotea katikati, kila upande ukimtazama mwenziwe.

Mwananchi ataulizia wapi?

Kwenye vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti. Makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 na huhitaji kupitishwa kabla ya Juni 30. Tafuta fungu la maabara, kisha uliza: ndani yake, pesa za vitendanishi na matengenezo ni ngapi, na za mashine mpya ni ngapi?