Floraidi haiishi kwa kuchemsha: majibu kwa wazazi wa Arusha na Meru

Floraidi ni nini?
Ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuyeyuka katika maji ya ardhini. Ndiyo maana visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru zinayo kwa wingi. Ikizidi huharibu meno na mifupa ya watoto, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huwezi kuiona wala kuinusa.

Sisi maji tunachemsha. Si tayari ni salama?
Kwa vijidudu, ndiyo. Kwa floraidi, hapana. Endeleeni kuchemsha, maana kipindupindu na homa ya matumbo vipo. Lakini floraidi si kiumbe hai kwamba utaiua, na haipandi na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki yote. Ukiyaacha yatokote muda mrefu, unachompa mtoto ni kikali zaidi.

Hata yakichemka mara mbili?
Hata mara kumi. Kuchemsha hakuitoi.

Na klorini, au kuchuja kwa kitambaa?
Haviitoi. Mkaa wa kuni pia hauitoi. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mkaa huo hubadilishwa ukishachoka. Maji ya mvua kutoka bati safi hayana floraidi ya kutisha. Hayo ndiyo ya kuchemsha na kuwawekea watoto, ya kunywa na ya kupikia.

Meno ya mwanangu ni ya kahawia. Nimsugue kwa mchanga?
Acheni jambo hili, tafadhali. Rangi hiyo si uchafu. Iliingia jino lilipokuwa linajengwa ndani ya ufizi, na mchanga unalikwangua tu. Mpeleke kwa daktari wa meno, kisha mbadilishie maji mdogo wake leo, maana meno huharibiwa hivi kabla ya miaka 8.

Magadi kwenye maharage?
Magadi mengi ya huku yana floraidi. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe maji yoyote, hata hayo ya mvua, anyonye tu.

Miguu imeanza kupinda. Bibi yake anasema itanyooka akikua.
Shikamoo bibi, lakini usingoje. Kliniki tunaletewa watoto magoti yakiwa yameshagongana, wakati walipaswa kufika mapema. Floraidi nyingi huweza kupinda mifupa, lakini matege yana sababu zaidi ya moja, kwa hiyo apimwe. Ukija, tuambie anakunywa maji ya wapi, na uombe RUWASA (wakala wa maji vijijini) au mamlaka yenu ya maji wapime kisima hicho.