Ukikuta mfupa uliogeuka jiwe, usiuchomoe

Mvua zikikatika tu simu zinaanza kwetu sisi tunaoshughulika na mabaki ya kale, mtu kakuta "mfupa wa jiwe" korongoni, na akipiga anakuwa ameshauchomoa na kautia kwenye kiroba. Nia ni njema tunajua, ila hapo nusu ya habari imeshapotea.

Chukulia Tendaguru, kule Lindi. Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, yaani mijusi wakubwa wa kale, toka 1909 mpaka 1913, mizigo ikabebwa na watu wetu kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini, na mjusi mmoja mkubwa yuko Berlin kasimamishwa, kimo mita 13 na ushee. Watu wanadhani wale wanyama walikufa wakalala tu pale wakawa mawe. Aah wapi. Mnyama akifia porini unajua mwenyewe, walanyama, jua, mvua, baada ya muda hamna kitu. Mfupa ili ubaki inabidi ufukiwe mapema, na miaka kama milioni 150 iliyopita Tendaguru ilikuwa ufukweni, maji yanajaa yanakupwa, tope na mchanga vinajipanga tabaka juu ya tabaka. Kuna miguu ya mijusi wakubwa ilikutwa imesimama wima ardhini, yaani mnyama alinasa kwenye tope akafia humohumo, kiwiliwili kikaozea juu kikasambaratika, miguu ikabaki vilevile. Kwingine palepale mifupa ya Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni, ilikuwa imerundikana kwa mamia.

Kisha maji ya chini ya ardhi yenye madini yanapenya kwenye mfupa polepole. Kipande kilichovunjika ukikisogeza karibu unaona vitundu kama vya sponji vimejaa chembe zinazong'aa, ndo maana kizito. Na kwa wanaopiga kuuliza kama kuna mali humo, hizo chembe si dhahabu. Zebaki haimo. Na Mjerumani hakuficha hazina chini yake, hili jamani tumelijibu mpaka basi.

Sasa ule mguu uliosimama ungeng'olewa na jembe, nani angejua ulisimama?

Upande wa sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu visukuku vya wanyama, yaani mabaki yao yaliyogeuka jiwe, kuwa urithi unaolindwa. Kuchimba kunahitaji kibali, hata mtafiti mwenye digrii tatu anaomba, na shamba kuwa lako si kibali. Kutoa nje ya nchi ni ruhusa nyingine kabisa, ile ya kuchimba haikusaidii mpakani. Ukikiuka ni faini au kifungo, au vyote viwili.

Ukiuona, upige picha ukiwa palepale ulipo, weka kalamu pembeni ukubwa uonekane, piga na nyingine kwa mbali ionyeshe ukuta wa korongo, halafu nenda kwa mtendaji wa kijiji atoe taarifa. Na kama ulishauchomoa ulete, kesi yako sitaiamua mimi, ila ulete na udongo wake, usiuoshe, na utuonyeshe shimo.