Laivu ipi? Kuhusu pleibeki na klipu za zamani

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nimeinamishwa, wembe uko shingoni. Simu ya kinyozi imeegemezwa kwenye kioo inacheza klipu ya kundi la Boney M. ya miaka ya 1970: Bobby Farrell, mwanamume pekee wa kundi, kifua wazi, anajinyonganyonga kama aliyekanyaga siafu, akina dada watatu pembeni yake na maiki zao. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu akaguna: "Hao ndio waimbaji. Laivu kabisa. Siyo hawa watoto wenu wa pleibeki." Benchi zima likaitikia. Mimi na wembe wangu shingoni ningesema nini?

Kwenye klipu ile hakuna hata mmoja aliyekuwa anaimba. Tena ile sauti nzito ya kiume haikuwa ya Farrell kabisa. Ni ya Frank Farian, prodyuza Mjerumani aliyeiunda Boney M., ambaye sehemu za mwanamume aliziimba mwenyewe studio, kisha akamtafuta kijana wa kuzichezea. Maizie Williams, mmoja wa wale akina dada, naye hayumo kwenye rekodi. Walioimba ni Liz Mitchell na Marcia Barrett. Kwa hiyo mzee wetu alikuwa anawasifu watu kwa laivu, akiwaonyesha watu waliokuwa kwenye pleibeki kuliko mtoto yeyote wa siku hizi.

Hilo nimelisikia mara nyingi mno. Ngoja nilinyooshe.

Pleibeki ni kuirudisha rekodi iliyokwisha fanyika, ipigwe kwenye spika wakati msanii yuko mbele ya kamera au jukwaani. Basi. Neno lenyewe linazungumzia mkanda, au CD, au flashi. Halisemi lolote kuhusu mdomo wa msanii. Kuchezesha midomo ni jambo moja tu ambalo mtu anaweza kulifanya pleibeki inapopigwa. Anaweza pia kuimba kwa koo lake juu ya hiyo hiyo rekodi, kama imeachwa biti tupu.

Kilichotuchanganya ni safari ya neno hili. Wahindi ndio waliolipa heshima. Mwanzoni mwa sinema zao zenye sauti, mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera, na wapiga ala wakijificha nyuma ya miti au nje ya picha. Katikati ya miaka ya 1930 studio za Calcutta na Bombay zikaanza kurekodi wimbo kwanza, kisha kuurudisha kwenye spika siku ya kupiga picha, mwigizaji akifuatisha kwa midomo. Kukazaliwa kazi mpya: mwimbaji wa pleibeki. Lata Mangeshkar alikuwa mwimbaji wa pleibeki. Mohammed Rafi vilevile. Wazee wa Unguja, Mombasa na Dar waliopanga foleni kwenye majumba ya sinema waliijua sauti ya Lata kabla hawajaijua sura yake, na nyimbo ngapi za taarabu zimevaa tyuni za filamu hizo! Sasa tazama: kwa Mhindi, mtu wa pleibeki ndiye aliyeimba kweli. Kwetu, mtu wa pleibeki ndiye asiyeimba. Neno moja, watu wawili walioko pande mbili za maiki.

Maana hii ya kwetu inafanana zaidi na ya Wafaransa. Kwa Kifaransa, kuimba kwa pleibeki ni kuchezesha midomo, hakuna mjadala, na ndugu zetu wa Kongo wamelirithi hivyo hivyo. Waingereza, wenye neno lao, hawalitumii namna hiyo. Wao wakitaka kusema msanii anadanganya kwa mdomo huchukua neno la michezo ya bubu ya jukwaani, "mime". Waliolipangia nidhamu ni Wajerumani. Wao wana pleibeki nzima, ambayo sauti ya mwimbaji imo kwenye mkanda, na nusu pleibeki, ambayo mkanda una ala tu na mwimbaji anaimba mwenyewe. Kipindi chao cha muziki cha televisheni, ZDF-Hitparade, kilichoanza 1969, kilisimamia nusu pleibeki: ala za mkanda sawa, koo ulete lako. Ningekuwa na uwezo ningeyaleta hayo maneno mawili bandarini leo hii, bila ushuru.

Lakini pleibeki ni nusu ya kero yangu. Nusu nyingine ni laivu.

Mtu akiniambia "ilikuwa laivu", sijui amesema nini. Je, matangazo yalikuwa yanaruka hewani saa ile ile, au msanii alikuwa anaimba saa ile ile? Hayo ni mambo mawili, na kwa bahati Kiswahili kina neno safi kwa lile la kwanza: mubashara. Tumelipata kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni wa ngozi. Ni kugusana ngozi kwa ngozi, bila kitu katikati. Matangazo mubashara ni hayo: tukio na mtazamaji wamegusana. Neno halisemi kama kilichogusana nawe ni koo au mkanda.

Chukua American Bandstand, kipindi cha muziki cha mtangazaji Dick Clark. Mwaka 1957 televisheni ya ABC ilianza kukirusha Marekani nzima kutoka Philadelphia, alasiri, mubashara. Vijana wanacheza, msanii anaingia, sahani ya santuri inawekwa, naye anachezesha midomo. Mubashara kabisa, na pleibeki nzima.

Sasa geuza. Tarehe 9 Februari 1964 The Beatles, bendi ya Uingereza, walikuwa New York kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, mubashara, watazamaji wapatao milioni 73. Usiku ule waliimba na kupiga wenyewe, na ilisikika hivyo, maana maiki ya Lennon ilikuwa chini kiasi kwamba mwimbaji mwenzake, McCartney, alimfunika. Watu wanasahau kwamba siku hiyo hiyo, kabla ya matangazo ya usiku, walirekodi onyesho lingine mbele ya watazamaji wengine, na mkanda ule ukarushwa tarehe 23. Wamarekani wakiutazama, vijana wenyewe walikuwa wamekwisha rudi Uingereza. Haukuwa mubashara hata kidogo. Lakini kila sauti iliyomo ilitoka kooni mwao siku ile mbele ya maiki. Ukiuita pleibeki umewaonea.

Katikati ya hayo mawili kuna mchanganyiko wa kila aina. Juni 1967 hao hao Beatles walishiriki matangazo ya satelaiti yaliyounganisha nchi nyingi, Our World. Mubashara ya mubashara. Hata hivyo sehemu ya ala ilikuwa imerekodiwa siku kadhaa kabla na ikapigwa kwenye mkanda. Sauti ya Lennon, besi, dramu na okestra vikawekwa juu yake papo hapo. Hiyo utaiitaje? Mimi naita nusu pleibeki, na sioni aibu ndani yake.

Klipu ninayoipenda kuliko zote haina hata mwimbaji anayeimba. Ni ya Top of the Pops, kipindi cha BBC, Agosti 1988. Bendi ya All About Eve, wimbo wa polepole, na kipindi kiko mubashara. Mkanda ukaanza, watazamaji wa nyumbani wakausikia vizuri sana. Ila ndani ya studio spika za wasanii zilikuwa kimya. Mwimbaji wao, Julianne Regan, amekaa, ametulia, anasubiri wimbo uanze, na sauti yake mwenyewe inaimba ubeti wa kwanza kwenye sebule za watu huku mdomo wake umefungwa. Mpiga gitaa naye kimya, gitaa linalia. Angejuaje? Ukitaka kumfundisha mtu tofauti ya mubashara na kuimba papo hapo, mwonyeshe dakika hiyo moja, halafu nyamaza.

Top of the Pops wenyewe wana kisa kirefu. Walianza siku ya mwaka mpya 1964, ndani ya lililokuwa kanisa huko Manchester, na wasanii wakichezesha midomo kwenye sahani zao wazi wazi. Chama cha wanamuziki kikaja juu, na mwaka 1966 kikabana. Hoja yao haikuwa kwamba watazamaji wanadanganywa. Hoja ilikuwa ugali: sahani ikipigwa badala ya watu, nani atamlipa mpiga tarumbeta? Wakakubaliana kwamba msanii apigiwe na okestra ya BBC, au arudi studio aurekodi wimbo upya kwa ajili ya kipindi, ndipo achezeshe midomo kwenye mkanda huo mpya. Inasimuliwa kwamba mara nyingi ujumbe wa chama ulipelekwa baa mchana, na ukirudi unakuta mkanda "mpya" uko tayari, unafanana na sahani ya dukani kwa ajabu. Kwa hiyo kwenye klipu za kipindi hicho unaweza kuwa unamwona msanii anachezesha midomo kwenye rekodi aliyoifanya wiki ile ile, yeye mwenyewe, kwa mara ya pili. Pleibeki nzima, lakini rekodi si ile ya dukani. Hapo hata Wajerumani hawana neno.

Mwaka 1991 kipindi kikageuza: ala ziwe za mkanda, sauti iwe ya papo hapo. Bendi ya Nirvana ya Marekani ilipokuja Novemba mwaka huo, mwimbaji wao Kurt Cobain akaitii sheria kwa namna ya kuikomoa. Akaimba kwa sauti nzito ya chini kama mtu mwenye usingizi, mkono ukipapasa gitaa bila hata kujifanya anapiga, huku mpiga besi akilirusha la kwake juu. Watu husema "tazama Nirvana walivyokataa pleibeki". Walikataa kuiigiza, na mkanda ukaendelea kama kawaida. Koo lilikuwa lake.

Mtu ataniuliza atatambuaje pleibeki. Kwa klipu za zamani, angalia waya, maana gitaa la umeme lisilochomekwa popote halilii kwa miujiza. Sikiliza na dramu: zinarindima, na huoni maiki hata moja karibu yake. Ila dalili yangu kuu ni mwisho wa wimbo. Sahani nyingi za wakati ule huishia kwa kufifia, sauti ikizama polepole. Basi unaona bendi inapiga kwa nguvu zile zile, mpiga dramu jasho linamtoka, mwimbaji kapanua mdomo wote, na sauti inakwenda, inakwenda, imepotea. Hakuna bendi ya watu inayofifia hivyo. Hiyo ni sahani.

Na sisi tuache kujisifu kwamba wazee wetu hawakuwa na mambo haya. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, Kenya tangu 1962. Klipu nyingi za zamani za nje zilipotufikia zilikuwa tayari zamani. Kile tulichokuwa nacho ni Radio Tanzania: bendi inaingia studio, inapiga yote kwa pamoja, waimbaji, magitaa na matarumbeta, fundi mitambo anarekodi. Ni rekodi, hilo halina ubishi. Na ni watu waliopiga na kuimba kwa wakati mmoja, ndani ya chumba kimoja. Mwite mtu aseme kama ni laivu au siyo, utaona neno linavyomponyoka mkononi.

Wiki mbili baadaye nilimkuta mzee wangu kwa kinyozi tena. Safari hii wembe ulikuwa shingoni kwake.

"Shikamoo mzee. Wale Boney M. wa siku ile, yule kijana anacheza tu. Sauti ni ya Mjerumani mmoja."

"Marahaba. Acha uongo wewe."

"Kweli, mzee wangu. Ilishajulikana tangu 1978."

Akafikiri kidogo. "Na yule dada wa katikati?"

"Kama ni Liz Mitchell, sauti ni yake. Ila pale inatoka kwenye mkanda."

"Kwa hiyo naye pleibeki."

"Pleibeki nzima."

Kinyozi akapuliza nywele, akamgeuza kichwa. Mzee akasema kwa sauti ya kulipiza: "Na yule kijana wa harusi ya Jumamosi, aliyekuja na flashi yake?"

"Flashi ilikuwa na biti tupu, mzee. Ile ni nusu pleibeki. Aliimba mwenyewe."

"Vibaya."

"Vibaya sana. Lakini laivu."