Aliyechorwa naye alikuwa mchoraji

Ukisimama mbele ya picha ya Charlotte du Val d'Ognes, iliyoko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, gauni liache kwanza, anza na uso. Dirisha liko nyuma yake, kwa hiyo uso wote umo kivulini. Huo ni mtihani. Anayejifunza hutafuta kivuli kwa kuchanganya nyeusi na rangi ya ngozi, na sura inageuka ya majivu. Marie-Denise Villers, aliyeichora mwaka 1801, alitumia mwanga unaorudi: msichana amepakata karatasi za kuchorea, na weupe wa karatasi na wa gauni unapanda hadi kidevuni na mashavuni. Kivuli kinabaki na joto la damu. Weupe mkali ameuweka pembezoni tu, begani na kwenye nywele.

Jumba liliipokea mwaka 1917 kama kazi ya Jacques-Louis David, mchoraji maarufu wa Ufaransa. Mwaka 1951 mwanahistoria wa sanaa Charles Sterling alionyesha kuwa haiwezekani: picha ilitundikwa kwenye Salon ya 1801, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, na David hakupeleka kitu mwaka huo. Sterling alimdhania Constance Charpentier, mchoraji mwingine wa kike. Jina la Villers lilitolewa na mwanahistoria wa sanaa Margaret Oppenheimer mwaka 1996. Kazi nzuri ilitafutiwa mwanamume kwanza, kama kawaida.

Charlotte mwenyewe alikuwa akijifunza kuchora, na jambo hili linajirudia sana. École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya serikali huko Paris, haikupokea wanawake hadi 1897, basi mchoraji wa kike alimkalisha aliye karibu: mama, dada, mwanafunzi mwenzake.

Mchoraji Mfaransa Berthe Morisot alimchora mama yake pamoja na dada yake Edma, mchoraji aliyeweka brashi chini baada ya kuolewa. Ilikuwa 1869 na 1870. Siku ya kuipeleka Salon alikuja rafiki yake, mchoraji Édouard Manet, akaanza kurekebisha pindo la gauni la mama, akapanda kifuani, kichwani, hakuacha, na mwenye mkokoteni yuko mlangoni anasubiri. Picha sasa iko Washington, na mikono ya wachoraji wawili inaonekana kwa macho matupu. Gauni jeusi lina mipigo mipana ya haraka. Uso wa Edma na maua ya sofa ni mipigo midogo, yenye wasiwasi. Kwangu mimi Manet aliiharibu mizani: weusi ule uko mbele na unavuta jicho lote, Edma aliyeinamisha macho anasukumwa ukutani. Ziba gauni la mama kwa kiganja uone Edma anavyorudi.