Kupima lithiamu kwenye damu kwa elektrodi

Lithiamu kabonati, dawa ya ugonjwa wa baipola, haina nafasi kubwa kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru. Kwa kawaida seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, inatakiwa iwe na milimoli 0.6 hadi 1.0 za lithiamu kwa lita. Kiwango kikizidi 1.5, mikono hutetemeka vibaya, mgonjwa huharisha, hupepesuka na huanza kuchanganyikiwa. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, na maabara nyingi hutumia elektrodi teule ya ioni, yaani kifaa kinachoitikia ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya aina moja kuliko nyingine.

Elektrodi hii ni mrija mdogo wenye utando mwembamba mdomoni. Utando wa aina iliyozoeleka una plastiki ya PVC asilimia 33 hivi na kilainishi cha mafuta asilimia 66. Katika kile kidogo kinachobaki ndimo ilimo molekuli inayoinasa ioni ya lithiamu. Kinachosomwa ni volteji kati ya elektrodi hii na elektrodi ya rejea, ile ambayo volteji yake haibadiliki. Kwenye joto la 37°C, lithiamu ikiongezeka mara 10, volteji hupanda milivolti 61.5. Ukisikia 61.5 unadhani ni nyingi, lakini piga hesabu: kutoka 1.0 hadi 1.5, yaani kutoka salama hadi hatari, ni milivolti 11 tu. Ukikosea milivolti 1, jibu limekwenda upande kwa takriban asilimia 4.

Adui mkubwa ni sodiamu. Damu ina milimoli 140 za sodiamu kwa lita, na lithiamu kwa kawaida haizidi 1. Utando ukiihesabu kila sodiamu kama sehemu moja ya mia ya lithiamu, tayari umeongeza 1.4 ya uongo, zaidi ya dawa yenyewe. Utando mzuri huihesabu kama sehemu moja ya elfu au chini ya hapo, na mashine hupima sodiamu pembeni ili iondoe kosa lililobaki.

Hata hivyo, makosa mengi hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Tyubu ya kijani mara nyingi huwa na heparini ya lithiamu, chumvi ya kuzuia damu isigande. Damu ikiwekwa humo, chumvi ya tyubu nayo hupimwa: mtu asiyetumia dawa kabisa anaweza kusomeka zaidi ya 1, na tyubu ikijazwa nusu jibu hupanda zaidi. Tumia tyubu nyekundu isiyo na kizuia kuganda. Iache damu igande dakika 30, izungushe kwenye sentrifuji dakika 10, kisha tenganisha seramu mapema.

La pili ni saa. Damu ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho: aliyemeza saa 3 usiku atolewe saa 3 asubuhi, na dozi ya asubuhi isubiri. Aliyemeza saa mbili zilizopita atasomeka juu hata kama hajadhurika, na daktari anaweza kumpunguzia dawa bila sababu.

Kwenye mashine, anza na vimiminika viwili vya kiwango kinachojulikana, kisha angalia mteremko, yaani milivolti zinazopanda lithiamu ikiongezeka mara 10. Ukikuta 50 badala ya karibu 61, utando umechoka au umefunikwa na protini. Dalili ya protini ni namba inayojivuta bila kutulia. Safisha kwa kimiminika cha kuyeyusha protini alichoelekeza mtengenezaji, wala usisugue utando kwa karatasi. Namba ikirukaruka, tafuta kwanza kipovu cha hewa.

Vidonge navyo hupimika. Kidonge cha miligramu 300 kina milimoli 8.1 za lithiamu. Saga vidonge 20, pima unga unaolingana na kidonge kimoja, uyeyushe kwa mililita 10 za asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita (utachemka povu, ndiyo kabonati inavyofanya), jaza maji mpaka lita 1, kisha punguza ukali mara 10. Asidi iliyosalia usiitulize kwa sodiamu hidroksidi, utakuwa umemkaribisha yule adui. Tumia bafa ya tris, kimiminika kinachotuliza asidi bila kuleta sodiamu, na iwe pia kwenye vimiminika vya viwango.

Si dawa zote zenye bahati hiyo. Metformini na klorofeniramini hubeba chaji, kwa hiyo zinatengenezewa utando wake. Lakini parasetamoli katika maji ya kawaida haina chaji, na elektrodi ya namna hii haiioni.