Maana ya uhusiano wa kidiplomasia kati ya Wafaransa na Waromania kabla ya karne ya 19

Uhusiano huu hauwezi kupimwa kwa mazoea ya leo, ambapo nchi mbili hupelekeana mabalozi na kutia saini mikataba kila moja kwa jina lake. Wakati huo hapakuwa na dola iitwayo Romania. Wallachia na Moldavia, nchi mbili za Waromania, ziliungana mwaka 1859 tu. Kabla ya hapo kila moja ilikuwa na mtawala wake aliyemlipa Sultani wa Uturuki kodi ya kila mwaka, na ambaye Sultani aliweza kumsimika au kumwondoa. Kisheria, watawala hao hawakuwa na ruhusa ya kuendesha siasa za nje kwa hiari yao.

Kwa hiyo, tunaposema Wafaransa na Waromania walikuwa na uhusiano wa kidiplomasia, tunazungumzia hasa mambo yaliyopitia Istanbul, mji mkuu wa Sultani. Ufaransa ilikuwa na balozi huko tangu miaka ya 1530, Mfalme François wa Kwanza alipofanya urafiki na Sultani Suleiman dhidi ya adui yao wa pamoja, ukoo wa Habsburg uliotawala Austria na Hispania. Aliyetaka kiti cha utawala wa Wallachia mjini Bucharest alijua kwamba neno la balozi huyo lilikuwa na uzito mbele ya Sultani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Petru Cercel, mwana wa mtawala wa zamani wa Wallachia, ambaye jina lake la pili lina maana ya hereni, kwa kuwa alivaa hereni kama walivyofanya wanaume wa kasri la Ufaransa. Alikimbilia kwa Mfalme Henri wa Tatu kuomba msaada, naye mfalme akamtetea mbele ya Sultani Murad wa Tatu kupitia ubalozi wake. Mwaka 1583 Petru alipewa kiti, lakini barua za mfalme peke yake hazikutosha, maana ilimbidi pia atoe fedha nyingi. Alijenga kasri katika mji wa Târgoviște, Wallachia, na mwaka 1585 akaondolewa, kiti kikarudishwa kwa mpinzani wake Mihnea. Ufaransa, kwa maoni yangu, ilikuwa imemsaidia mtu mmoja, wala haikuwa imejenga uhusiano na nchi yake.

Katika karne ya 18 njia ilibadilika kidogo. Moldavia tangu 1711, na Wallachia tangu 1716, zilitawaliwa na Wagiriki wa mtaa wa Fener, Istanbul, ambao wengi wao walikuwa wamewahi kuwa wakalimani wa Sultani. Watu hao waliajiri makatibu wa Kifaransa, na lugha hiyo ikaenea miongoni mwa mabwanyenye. Ubalozi mdogo wa Ufaransa ulifunguliwa Bucharest katika miaka ya 1790, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, na hata hapo balozi mdogo alihitaji kibali cha Sultani ili aanze kazi.