"Jina nimelisajili BRELA, ni langu": dhana potofu kuhusu chapa na picha mtandaoni

Una kampuni ya safari. Mgeni anatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, anakupigia kuuliza gari liko wapi. Pesa ya kupanda Kilimanjaro alishalipa, ila kwenye ukurasa wa Instagram usio wako, wenye jina lako na picha zako. Hapo vimeibwa vitu viwili, jina na picha, na kila kimoja kina sheria yake. Dhana nyingi zinazosikika Arusha na Moshi zinatokana na kuvichanganya.

"Jina nimelisajili BRELA." BRELA ni wakala wa serikali wa kusajili biashara, lakini pale ulisajili nini? Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani, basi. Haki ya kumzuia mwingine kulitumia kama chapa inatokana na usajili wa alama ya biashara. Ofisi ni ileile, ombi ni jingine, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Alama husajiliwa kwa madaraja 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Kupeleka wageni safari ni daraja la 39, loji ni 43, kahawa ni 30, fulana ni 25. Mwenye kampuni ya safari anayeuza pia fulana zenye nembo yake, akasajili 39 peke yake, ameacha mlango wazi. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Jina kama "Kahawa ya Kilimanjaro" likikataliwa usishangae, maana linataja bidhaa na mlima tu.

"Cheti kinanilinda kote." Ukivuka Namanga au Holili, cheti cha Bara umekiacha nyuma. Hata Zanzibar ina sheria na ofisi yake.

"Picha isiyosajiliwa COSOTA ni ya kila mtu." Hapana. Hakimiliki ya picha inaanza pale picha inapopigwa. Kusajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakuongezea ushahidi. Ushahidi mwingine ni faili halisi lililotoka kwenye kamera, lenye tarehe, saa na aina ya kamera ndani yake. Ukilituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo hufutwa. Litume kama dokumenti. Na aliyeiposti akaandika jina la mpiga picha chini yake bado hajaomba ruhusa.

"Ripoti tu, wataufunga." Fomu za kuripoti Instagram ziko mbili. Ya alama ya biashara huuliza namba ya usajili na nchi. Mwenye cheti cha jina la biashara peke yake hukwama hapo. Ya hakimiliki inataka linki ya kila posti yenye picha yako (linki ya ukurasa mzima haitoshi), maelezo ya kazi halisi, na tamko kwamba unasema kweli. Usitumie fomu ya hakimiliki kulalamikia jina, kwani tamko la uongo linaweza kukugeukia. Uliyemripoti naye anaweza kupinga. Kwa sheria ya Marekani ya 1998, ambayo mitandao mingi mikubwa huifuata, akipinga ipasavyo posti hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa uonyeshe kwamba umefungua kesi.

"Skrinishoti haina kazi mahakamani." Inayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilikotoka. Kwa hiyo usikate kingo za picha: anwani ya ukurasa, tarehe na saa vionekane. Andika nani alipiga na kwa simu ipi. Nakili linki za posti moja moja, kwa sababu tapeli akibadili jina la ukurasa, linki ya posti hubaki ileile. Chukua na namba aliyotumia kupokelea pesa. Stetasi za WhatsApp hupotea baada ya saa 24, hizo ziwe za kwanza.

Yote hayo yafanyike kabla ya kumtukana kwenye komenti. Akishakublock, huoni tena kitu, na utaanza kuazima simu ya jirani.